Joto la Dumu Moja la Maji

Hotuba hii niliitoa Kilwa Masoko mbele ya wakulima wa chumvi, wajumbe wa kamati za maji za vijiji vya pwani na wanafunzi wa sekondari. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi wadogo zangu wanafunzi, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimekuja na beseni, rula, na dumu hili la lita 20. Maji yaliyomo nimeyachota alfajiri pale gatini. Ni ya bahari, hayanyweki, na ndani yake mna chumvi kama gramu 700. Leo nitazungumza juu ya dumu hili tu, na kila nitakalolisema lijibu swali moja: tukitaka kuyatenga maji haya na chumvi yake, tutalipa nini, na nani atalipa?

Nimeomba wakulima wa chumvi na kamati za maji mkae pamoja kwa makusudi. Mkulima anataka chumvi, maji yaende zake. Mama mwenye ndoo anataka maji, chumvi iende zake. Kazi ni moja, kila mtu kashika ncha yake. Hata hivyo, mara nyingi mnakutana kwenye ugomvi wa mipaka tu.

Tuanze na urari wa tungamo. Jina ni la darasani, lakini kila mwenye duka anaujua. Mali iliyoingia, ukitoa iliyouzwa, lazima ilingane na iliyobaki kwenye rafu. Isipolingana, kuna kitu kimetoka bila kuandikwa. Maji na chumvi ni hivyo hivyo: havizaliwi ndani ya jaruba, lile bwawa la kina kifupi la kukaushia chumvi, wala havifii humo. Kilichoingia ni sawa na kilichotoka pamoja na kilichobaki.

Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi za kila aina katika kila kilo. Ukitaka tani 1 ya chumvi hizo, gawanya 1 kwa 0.035: unahitaji tani 28.6 za maji ya bahari. Toa tani yako 1 ya chumvi, na tani 27.6 za maji lazima zipae. Hapo hujamwajiri mtu, hujanunua koleo, hujachimba jaruba. Ni bahari yenyewe inayokupangia kiasi hicho, na haina mjadala.

Wanaofanya kazi hii wanajua safari yenyewe ilivyo. Maji huingia bamvua ikijaa, yanahamishwa jaruba hadi jaruba, na kipimio kinachoelea kinapanda nyuzi za Baumé, ambazo ni kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, si cha joto: kutoka 3 na nusu za bahari, kupita 13 ambapo jasi huanza kutulia chini, hadi 25 na nusu ambapo chembe ya kwanza ya chumvi ya mezani inaonekana. Wakati huo ujazo umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Yaani kazi kubwa ya jua imeshafanyika kabla hujaona kitu cha kuvuna! Ndiyo maana mvua ya siku moja kwenye jaruba la mwisho inauma kuliko mvua ya wiki kwenye jaruba la kwanza. Na yale maji machungu yanayobaki mkifika nyuzi 29 au 30, yamwageni, msiyaonee huruma. Humo imejaa magnesi, na chumvi iliyokauka nayo huvuta unyevu, ikalowa ghalani. Katika kila gramu 35 za chumvi za bahari, chumvi ya mezani ni kama 27. Nyingine si biashara yenu.

Sasa twende kwenye urari wa nishati. Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa.

Chukueni maji matupu kilo 20, yenye nyuzi 28 za joto kama maji ya leo. Kuyafikisha kwenye nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 4.19 kwa kila kilo kwa kila nyuzi, jumla kama kilojuli 6,000. Tuziite uniti, kwa sababu uniti mnazijua kwenye luku, mita zenu za umeme: uniti 1 ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo kuchemsha dumu ni uniti 1.7. Si nyingi. Lakini maji yakishachemka, yaacheni yachemke hadi yaishe. Kipimajoto hakipandi tena, kinasimama pale pale 100, na moto bado unakula kuni. Joto linakwenda wapi?

Mama zangu mnajua. Mvuke wa sufuria ya wali ukikupiga mkononi unaunguza kuliko maji ya moto yenyewe, kwa sababu unapogusa ngozi unarudi kuwa maji, na unakukabidhi joto lote ulilolibeba. Hilo ndilo joto fiche. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inaondoka na kilojuli 2,257. Kwa dumu letu hiyo ni uniti 12.5 nyingine. Jumla, kulichemsha dumu moja hadi liishe kunataka uniti 14.2, hata kama hakuna cheche ya joto iliyopotea njiani.

Namba hiyo ninaisisitiza kwa sababu nina deni nayo.

Miaka mingi nyuma, nikiwa fundi kijana, nilihudhuria mkutano katika kijiji kimoja cha pwani. Visima vyao vilikuwa vimeingia chumvi. Akaja mfanyabiashara na visanduku vya kioo vya kukeneka maji kwa jua, kila kimoja mita 1 ya mraba. Unamimina maji ya chumvi chini, jua linayavukiza, mvuke unaganda kwenye kioo na kutiririka ukiwa maji matamu. Kifaa chenyewe ni cha kweli, wala sina neno nacho. Lakini aliahidi dumu zima kwa siku kutoka kila kisanduku, na kamati ikachangisha fedha ya visanduku 12 kwa ajili ya shule ya msingi.

Jua la pwani yetu linaleta takribani uniti 5 kwa siku kwenye kila mita ya mraba, yaani megajuli 18 (megajuli 1 ni kilojuli 1,000). Kuvukiza lita 20, hata bila kuchemsha, ni megajuli 48, yaani 2.4 kwa kila lita. Yule bwana alikuwa ameahidi zaidi ya majua mawili na nusu yaangaze juu ya kioo kimoja. Hata jua lote likifanya kazi bila kupotea, 18 kugawa kwa 2.4 ni lita 7 na nusu. Na kwa kuwa kioo kinarudisha mwanga, na joto linavuja pembeni na chini, ukipata lita 3 umepata kisanduku kizuri. Huko Las Salinas, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, kilijengwa mwaka 1872 kiwanda cha aina hii chenye takribani mita za mraba 4,450 za kioo, na siku njema kilitoa kama lita 22,700. Gawanyeni wenyewe: lita 5 na kidogo kwa mita ya mraba, tena kwenye moja ya sehemu zenye jua kali kabisa duniani.

Shule ile ilipata madumu yasiyofika mawili kwa siku badala ya 12. Watoto wakarudi kisimani. Nami nilikuwepo mkutanoni, nilikuwa na kalamu mfukoni, na hesabu hii ni mistari mitatu. Nilinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwa wameshapiga makofi. Tangu siku ile sijanyamaza tena, na ndiyo sababu mnaniona hapa.

Turudi kwenye kuni, maana dumu halijaisha. Kuni kavu zina kama megajuli 16 kwa kilo, lakini mafiga matatu yanafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu, tuseme asilimia 15. Zinabaki megajuli 2.4, karibu sawa na joto la kuvukiza kilo moja ya maji. Kwa hiyo kariri hivi: kwenye moto wa wazi, kilo moja ya kuni kwa kilo moja ya maji. Gunia la chumvi la kilo 50, ukilitoa kwenye maji ya bahari kwa kuchemsha tu, litakula karibu tani 1.4 za kuni. Kama kuni hizo ni mkoko, basi umevunja ukuta wa ufuo wako na kitalu cha kamba wako kwa gunia moja.

Lakini angalieni kinachotokea ukiliachia jua lianze. Jua likiyafikisha maji kwenye asilimia 20 ya chumvi, tani 1 ya chumvi inakaa ndani ya tani 5 za maji hayo, na kilichobaki kuvukizwa ni tani 4 badala ya 27.6. Gunia lile lile linataka kilo 200 za kuni. Ni mtu yule yule na sufuria ile ile, ila mmoja kajua aanzie wapi. Kule Uvinza, karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yao ilisafiri mbali sana barani. Msingi wa kazi yao ulikuwa chemchemi yenye chumvi: ardhi iliwakusanyia mzigo, nao wakamalizia kwa moto.

Na mkiliacha jua lifanye kazi yote, kama mnavyofanya hapa, kila gunia la kilo 50 limebeba zaidi ya uniti 900 za jua. Ningependa mnunuzi anayewapunja bei alijue hilo.

Sasa, joto la mvuke likishatoka, je, ndiyo limekwenda? Hapa nitawasimulia habari za mtu mmoja. Norbert Rillieux alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1806, mama yake akiwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Alisomea uhandisi Paris, akarudi kwenye nchi ya mashamba ya miwa. Sukari ilitengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa kwenye masufuria makubwa ya wazi yaliyopangwa mstari, na watumwa walihamisha maji hayo yanayochemka kwa kata ndefu, sufuria hadi sufuria, usiku na mchana. Waliungua, na wengine walikufa. Rillieux alitazama mvuke uliokuwa ukipotea juani, akauliza swali ambalo halikuwa limejibiwa vizuri: kwa nini mvuke wa sufuria ya kwanza usiwe moto wa sufuria ya pili?

Kuna kikwazo. Mvuke wa nyuzi 100 hauwezi kuchemsha maji yanayochemka kwenye nyuzi 100, maana joto haliendi mahali penye joto sawa. Jibu lake lilikuwa kupunguza presha ndani ya chombo cha pili kwa kuvuta hewa. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kwamba kileleni chai haiivi vizuri, kwa kuwa pale hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi kama 80. Rillieux alikitengenezea chombo cha pili mlima wake, na cha tatu mlima mrefu zaidi. Alipata hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, mwaka 1843 na 1846.

Kiwanda chochote cha sukari mnachokijua, Kilombero au TPC kule Moshi, kinasimama juu ya wazo hilo. Tani 100 za maji ya miwa yenye asilimia 15 ya sukari na viambato vyake zikigeuzwa shira ya asilimia 65, zinabaki tani 23. Tani 77 zimepaa. Chombo kimoja kingetaka zaidi ya tani 77 za mvuke. Vinne vilivyofuatana vinataka kama 20 na kidogo, na moto wa kutoa mvuke huo unatoka kwenye makapi ya miwa yenyewe.

Mitambo ya kukeneka maji ya bahari kule Ghuba ni wajukuu wa wazo hilo. Wengi wenu mna jamaa Maskati, na huenda walipofika walishangaa kuambiwa kwamba maji ya bombani yametoka baharini. Katika mitambo ile, kilo moja ya mvuke hutoa kilo 8 hadi 10 za maji matamu, kwa sababu joto lile lile linatumika tena na tena, kila mara likishuka nyuzi chache. Dumu letu lililotaka uniti 14.2 linashuka hadi kati ya uniti 1.2 na 1.6 za joto, pamoja na umeme wa pampu. Ni maendeleo makubwa, lakini yalijengwa kwenye nchi zenye mafuta na gesi, kando ya vituo vya umeme vyenye mvuke wa ziada. Sisi hapa hatuna mvuke wa ziada.

Kwa hiyo akili ikageuka: kwa nini tuyavukize maji kabisa? Katika dumu hili, chumvi ni sehemu ndogo sana. Badala ya kuyanyanyua maji yote juu, yasukume kwa nguvu kwenye utando unaoruhusu maji kupita na kuizuia chumvi. Maji hayageuki mvuke, kwa hiyo joto fiche halilipwi. Kinacholipwa ni presha, kama mara 60 ya presha ya hewa tunayovuta, na hiyo ni zaidi ya mara 25 ya presha ya tairi la gari dogo. Mitambo mizuri ya leo inatumia uniti 3 hadi 4 kwa lita 1,000 za maji ya bahari yaliyosafishwa. Kwa dumu ni uniti 0.06 hadi 0.08. Linganisheni na 14.2. Umeme, ni kweli, ni ghali kuliko joto la kuni, lakini hata ukilihesabu hilo pengo ni kubwa mno.

Ila mitambo hii nayo ina urari, na muuzaji hatawaambia msipouliza. Tuseme mnasukuma lita 1,000 na kupata 400 za maji matamu. Chumvi ilikuwa kilo 35, na karibu yote imebaki kwenye zile lita 600. Maji hayo sasa yana asilimia 5.8 ya chumvi. Yanakwenda wapi? Mkiyamwaga kwenye shimo nyuma ya mtambo yatarudi kisimani. Mkiyamwaga kwenye maji yaliyotulia kati ya mikoko, yatazama chini kwa uzito wake na kuwakuta viumbe waliopo.

Na presha je? Kupata lita 1,000 za maji matamu mnasukuma lita 2,500. Kwa presha ya mara 60 hiyo ni megajuli 15, au uniti 4.2, hata pampu ikiwa kamilifu. Zile lita 1,500 za maji ya chumvi zinatoka bado zina presha karibu yote, megajuli 9 hivi. Bila kifaa cha kurudisha presha hiyo kwenye maji yanayoingia, asilimia 60 ya umeme mliolipia unamwagwa baharini. Kwa hiyo wajumbe wa kamati, swali lenu la kwanza kwa muuzaji liwe hilo, kabla ya rangi ya kontena na idadi ya paneli za sola. Kama chanzo chenu ni kisima chenye chumvi kidogo, tuseme gramu 5 kwa lita, presha inayotakiwa ni ndogo sana na uniti zinashuka. Pimeni kisima kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa lita yana ladha nzuri, na yakizidi 1,000 yanazidi kuharibika ladha. Huenda mna kisima kinachohitaji kuchanganywa tu na maji ya mvua.

Sasa naomba mkulima na mama mtazamane. Yale maji ya asilimia 5.8 ambayo kamati haijui iyapeleke wapi ndiyo hayo mkulima anayasubiri. Gawanyeni 1 kwa 0.058: tani 17.2 badala ya 28.6. Kwa kila tani ya chumvi, jua limepunguziwa zaidi ya tani 11 za maji ya kuvukiza. Mtambo wa kijiji unaotoa lita 10,000 za maji matamu kwa siku utatoa kama lita 15,000 za maji hayo, zenye chumvi karibu kilo 870. Wakati wa kiangazi, jua na upepo vikivukiza milimita 5 kwa siku, mita za mraba 3,000 zinatosha kulingana na hesabu ya maji matupu. Maji mazito huvukiza polepole zaidi, kwa hiyo wekeni ekari moja na nusu. Wakati wa masika mtahitaji bwawa la kuyahifadhi. Na mhakikishe mnajua kila dawa inayotiwa kwenye mtambo ya kuzuia ukoko na kuosha tando, maana chumvi hii italiwa na watu.

Nimebaki na beseni.

Urari wa jaruba una mstari mmoja ambao hatujauandika leo: maji yanayozama ardhini. Hayaonekani, na mkulima akiona kina kimeshuka anashukuru jua. Kuna njia ya kuyakamata isiyohitaji mashine. Jaza beseni maji ya jaruba lile lile, lizamishe humo humo hadi usawa wa maji ndani na nje ukaribiane, kisha pima vina vyote viwili leo na kesho saa ile ile. Beseni halina pa kuvujia, kwa hiyo kilichopungua humo kimepaa. Jaruba likipungua zaidi, tofauti imezama.

Tuseme beseni limeshuka milimita 6 na jaruba milimita 11. Milimita 5 zimekwenda chini. Kwenye jaruba la mita 50 kwa 40, hizo ni lita 10,000, na kama maji yalishafika asilimia 10 ya chumvi, mmepoteza zaidi ya tani 1 ya chumvi kwa siku. Ni magunia 20 ambayo jua lilikuwa limeshaanza kuyapika. Na chumvi hiyo haikufia ardhini. Inasafiri na maji ya chini, na visima vya mama zangu viko bondeni upande ule.

Mzee mmoja hapa ameniruhusu nitumie majaruba yake mawili, moja lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na jingine ambalo bado halijashindiliwa. Mabeseni tutayaweka leo saa kumi jioni, na kesho saa kumi tutasoma rula. Wanafunzi njooni na madaftari. Kamati za maji, nileteeni chupa moja ya maji kutoka kila kisima, iandikwe jina la kisima na saa iliyochotwa, nami nitakuwa na kipimio.